Telefone inajua Kiingereza, lakini haijui koperative yenu

Namna ya kutumia akili bandia kwa kutayarisha maelezo ya Kiingereza mbele ya wanunuzi wa kahawa



Koperative nyingi za kahawa hapa kwetu Kivu zinatafuta kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Njia hiyo inaweza kuleta bei nzuri, lakini inaleta pia kazi mupya. Mutu mumoja wa koperative anapaswa kusimama mbele ya mununuzi na kueleza kwa Kiingereza: sisi ni nani, kahawa yetu iko namna gani, tuko na kiasi gani, na itaondoka mwezi gani. Pengine ni ku maonyesho ya AFCA, shirika la kahawa bora za Afrika lenye ofisi yake Kampala. Pengine ni siku ya mashindano ya Saveur du Kivu. Pengine ni ku WhatsApp tu, mununuzi akiwa London na ninyi mukiwa ku stesheni ya kuoshea kahawa.

Kwa wengi wetu Kiingereza ni luga ya ine. Kwanza ni Mashi, Kihavu ao Kinande, kisha Kiswahili, kisha Kifaransa cha ku masomo. Njo maana vijana wa koperative wameanza kuomba musaada ku telefone, ku programu kama ChatGPT, iliyotolewa mwisho wa mwaka 2022, ao Gemini ya Google. Programu hizo zinaitwa akili bandia. Kwa Kifaransa wanasema IA. Unaandika kwa Kiswahili ao kwa Kifaransa, na kwa sekunde chache inakurudishia Kiingereza safi.

Musaada huo ni wa kweli, na hatusemi muuache. Lakini uko na hatari moja ambayo inaweza kupotezea koperative mukataba wa musimu muzima. Makala hii inaeleza hatari hiyo, kisha inaonyesha hatua sita za kufuata.

Mashini inajaza mapengo

Ili muelewe hatari, muelewe kwanza namna mashini inafanya kazi. Programu hizi zimepitia maandishi mengi sana, na kutoka mule zimejifunza neno gani hufuata neno gani. Ukiandika "koperative ya kahawa ya Kivu", mashini inaleta maneno ambayo kawaida yanatembea pamoja na hayo: udongo wa volkano, kahawa ya bio, wamama wanaoongoza, milima ya mita 2 000. Inayaandika kwa sababu yanafanana na kweli. Haijaona shamba lenu hata moja.

Tuchukue mufano. Sekretere wa koperative anaandika sentensi tatu: "Sisi ni koperative ya kahawa pembeni ya Ziwa Kivu. Tuko wamemba 600. Tunaosha kahawa sisi wenyewe." Anaomba hotuba ya dakika tano. Sentensi tatu hazitoshi dakika tano, basi mashini inajaza. Inarudisha ukurasa muzuri sana wenye kusema kwamba kahawa iko na cheti cha bio, kwamba mashamba yote yako mita 2 000, na kwamba tangu koperative ianze watoto wote wanasoma.

Sasa mununuzi anasikiliza. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1 460 juu ya bahari. Mashamba yanayogusa maji hayawezi kuwa mita 2 000. Mununuzi anayejua Kivu anaona mara moja. Kisha anaomba namba ya cheti cha bio, na cheti hakuna. Kijana aliyesimama pale hakukusudia kudanganya mutu. Pengine hata hakuelewa neno lile. Lakini mununuzi hatafuta neno moja tu mu kichwa chake. Hata yale ya kweli, hesabu ya wamemba na ladha ya kahawa, ataanza kuyaonea mashaka.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ni hii: namba na ahadi zinatoka ku daftari la koperative, Kiingereza njo kinatoka ku telefone. Musichanganye hizo mbili.

Hatua ya 1: Mufungue daftari mbele ya telefone

Mukae watu wane ao watano: jera, mama wa keshi, musimamizi wa stesheni, na kijana atakayesema. Telefone ibaki mu mufuko kwanza. Muandike ku karatasi majibu ya maulizo sita:

1. Sisi ni nani? Wamemba wangapi waliolipa, wanawake wangapi kati yao, koperative ilianza mwaka gani.
2. Kahawa yetu ni ya aina gani? Arabika ya mbegu gani, na mashamba yanaanzia mita ngapi mpaka mita ngapi.
3. Tunaitengeneza namna gani? Inachachuka saa ngapi, inalala ku meza za kukaushia siku ngapi, inaingia depo ikiwa na unyevu gani. Kahawa ya kijani ya kusafirisha kawaida inatakiwa kuwa na unyevu wa 10 mpaka 12 kwa mia.
4. Tuko na kiasi gani cha kuuza?
5. Iko tayari lini?
6. Tunaomba nini kwa mununuzi huyu?

Pembeni ya kila jibu muandike ushuhuda wake: daftari la mapokezi, karatasi la waonjaji, cheti, kipimo cha GPS. Kama mulipimisha ladha, muandike pointi zenyewe na tarehe. Ku mizani ya pointi 100, kahawa inayofika 80 na kupita njo inaitwa spesialiti; mununuzi ataomba karatasi ile, si maneno. Jibu lisilokuwa na ushuhuda linaondolewa. Afazali maelezo ya dakika tatu yenye kusimama kuliko ya dakika kumi yenye kuanguka ku ulizo la kwanza.

Mutaona ku hatua hii kwamba kijana anayejua telefone peke yake hatoshi. Mara nyingi anayejua namba ni mama aliyepima kahawa kila siku ku mizani. Wakae pamoja: mumoja ashike telefone, mwengine ashike daftari.

Hatua ya 2: Muagize mashini vizuri

Ukisema tu "niandikie hotuba ya Kiingereza juu ya koperative yetu", unaifungulia mashini mulango wa kubuni. Agizo muzuri linasema ni kwa nani, kwa dakika ngapi, kwa Kiingereza cha kiasi gani, na linakataza kuongeza. Munaweza kunakili hili:

"Mimi ni memba wa koperative ya kahawa Kivu. Nitasema mbele ya wanunuzi wa kahawa kwa dakika ine. Kiingereza changu ni kidogo. Tumia habari hizi tu, zilizo hapa chini. Usiongeze namba, cheti, historia wala sifa ambayo sikuandika. Kama kuna habari inayopunguka, andika neno PENGO, kisha uniulize. Kila sentensi isipite maneno 12. Tumia maneno mepesi. Usipite maneno 400 kwa jumla."

Chini yake mubandike majibu sita.

Kwa nini maneno 400? Mutu anayejifunza Kiingereza anasema vizuri akienda kama maneno 100 kwa dakika. Akikimbia kupita hapo, hasikilikani.

Kitu kingine. Kiswahili ambacho programu hizi zinajua zaidi ni kile cha Tanzania na Kenya. Maneno yetu ya hapa, kama "depulpezi", "parche" ao "njo", yanaweza kuzichanganya. Kama kati yenu kuko mutu wa Kifaransa kizuri, aandike kwa Kifaransa. Kama hakuna, muandike Kiswahili cha sentensi fupi.

Mashini inapenda maneno makubwa. Ikiwapa sentensi kama "Our world-class cooperative is transforming lives through sustainable excellence", yaani koperative yetu ya kiwango cha dunia inageuza maisha kwa ubora wa kudumu, muikatae. Mununuzi amesikia sentensi ile mara mingi, na haimwambii kitu. Muulinganishe na hii: "We have 612 members. 240 are women. We wash our coffee at two stations." Wamemba 612, wanawake 240, stesheni mbili. Kiingereza hiki ni chepesi, kila neno liko na uzito, na aliyesimama anaweza kukisema bila kutetemeka.

Hatua ya 3: Mupime maneno yenye kuleta hasara

Hapa njo pahali ambapo muda wenu unatakiwa kwenda zaidi. Kuko maneno machache ambayo mashini inaweza kuyatafsiri bila kosa la luga, na bado koperative ikapoteza feza.

*Livre na "pound".* Bei ya Arabika ku soko la New York inasemwa kwa senti za dola kwa "pound" moja. Kwa Kifaransa tunaiita livre. Lakini mu soko zetu livre ni nusu kilo, gramu 500. "Pound" ya Waingereza na Wamarekani ni gramu 453,6 tu. Kilo moja iko na "pound" 2,2046, si mbili. Tuhesabu. Kontena moja ya futi 20 inabeba mifuko 320 ya kilo 60, maana yake kilo 19 200. Mununuzi akisema dola 3 kwa "pound", kontena ile ni karibu dola 127 000. Mutu aliyehesabu livre mbili kwa kilo atasema dola 115 200. Karibu dola 11 800 zimepotea ju ya neno moja. Musiachie mashini ihesabu peke yake. Mufanye hesabu ile ku kalkuleta, mara mbili, watu wawili.

*Parche na kahawa ya kijani.* Sisi tukisema "tuko na tani 24 za kahawa", mara nyingi tunafikiria parche iliyo mu depo. Mununuzi akisikia "24 tons of coffee", anafikiria kahawa ya kijani, iliyotolewa ganda, tayari kwa meli. Kilo tano za parche zinatoa karibu kilo ine za kijani. Tani 24 za parche ni karibu tani 19 za kijani, ni kusema kontena moja. Mukiahidi 24, mutakuwa na deni la tani tano ambazo hazipo. Kila mara museme neno kamili: parche ni "parchment coffee", kahawa ya kijani ni "green coffee", matunda mekundu ni "cherries".

*Virgule na nukta.* Sisi tulisoma Kifaransa, tunaandika unyevu 11,5 na pointi 86,25. Mu Kiingereza ni nukta: 11.5 na 86.25. Virgule kwao inatenga maelfu. Mukiandika "1,250 kg" mukifikiria kilo moja na robo ya kahawa ya kuonja, mununuzi anasoma kilo elfu moja mia mbili makumi tano. Mashini wakati mwingine inanakili namba kama munavyoiandika. Muangalie kila namba, moja moja.

*Tarehe.* 03/08 kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa munane. Mumarekani anaweza kuisoma tarehe 8 ya mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kwetu mavuno njo yanaanza. Hakuna kahawa ya kusafirisha. Muandike jina la mwezi: "3 August".

*Maneno yanayofanana na Kifaransa.* "Éventuellement" kwa Kifaransa ni pengine, ikiwezekana. "Eventually" kwa Kiingereza ni mwishowe, ni kusema itafanyika tu. Ukisema "we will eventually send a second container", mununuzi ameshaandika kontena ya pili. Kwa "pengine" museme "possibly" ao "maybe". Vilevile "actuellement" ni "now", si "actually". "Formation" ya walimaji ni "training". "Assister" ku mukutano ni "attend"; "assist" ni kusaidia. Mukiandika Kifaransa mashini inatafsiri vema mara nyingi, lakini musemaji akisahau karatasi na kuanza kusema mwenyewe, maneno haya njo yanamuponyoka. Ayajue kwa kichwa.

*Maneno ya ahadi.* Muzungushe kwa kalamu kila "will", "guarantee", "always" na "all". "We guarantee" ni tunahakikisha. Nani alikubali kuhakikisha? Kama komite haikukubali, mubadilishe: "we plan to" ni tuko na mupango wa; "last season we sold" ni musimu uliopita tuliuza. Hivyo ndivyo musemaji atakavyobaki ndani ya yale koperative ilimutuma.

Hatua ya 4: Murudishe maneno ku Kiswahili, mbele ya komite

Mufungue mazungumzo mapya mu programu, ao mutafute mutu mwengine anayejua Kiingereza, mwalimu wa sekondari kwa mufano. Mumupe maandishi ya Kiingereza peke yake, bila kumuonyesha daftari. Mumuombe ayarudishe ku Kiswahili. Kisha Kiswahili kile kisomwe kwa sauti mu mukutano wa komite.

Faida ni mbili. Kwanza, makosa yanaonekana. Kama muliandika "pengine" na inarudi "hakika", neno liliharibika njiani. Pili, na hii njo kubwa zaidi, baba na mama wasiojua Kiingereza wanasikia kile kitakachosemwa kwa jina lao. Musemaji anasema kwa mudomo wa wamemba wote. Si haki maneno yaende Ulaya wakati mwenye shamba hakuyasikia. Mumuulize kila mumoja: "Hayo ni maneno yetu? Kuko kitu ambacho si kweli?" Kazi hii inachukua nusu saa.

Hatua ya 5: Kuzoeza mudomo

Kiingereza cha ku karatasi na Kiingereza cha mudomo ni vitu viwili. Telefone inaweza kuwa mwalimu hapa pia. Telefone nyingi za kugusa ziko na alama ya mikrofone pahali pa kuandikia: unasema, inaandika. Mutie luga ya Kiingereza, kisha musome hotuba sentensi kwa sentensi. Mahali telefone inaandika kitu kingine, pale njo mununuzi naye anaweza kusikia kingine.

Muanze na namba, kwa sababu namba njo zinaharibu. "Fifteen" ni 15, "fifty" ni 50. "Thirteen" ni 13, "thirty" ni 30. Ku "fifteen" nguvu ya sauti inakwenda mwisho, na sauti inavutwa. Ku "fifty" nguvu iko mwanzo, na neno linakatika mara moja. Kama bado inachanganya, museme tarakimu moja moja: "fifteen, one five". Wanunuzi wanakubali hivyo bila shida. Kisha mutazame l na r, ambazo mu luga zetu nyingi zinabadilishana pahali, na neno "washed", kahawa ya kuoshwa, ambalo linasemwa kwa pigo moja kama "wosht", si "wa-shed".

Musijifunze hotuba nzima kwa kichwa kama mashairi. Mutu aliyekariri akisahau neno moja anapoteza yote. Muandike ku kikaratasi mistari sita tu, mumoja kwa kila ulizo la hatua ya kwanza, na namba zake. Musemaji aitazame bila haya. Arudilie mara tano ao sita, mara moja mbele ya watu.

Mwanzoni aseme sentensi hii: "English is my fourth language, so I will speak slowly." Kiingereza ni luga yangu ya ine, kwa hiyo nitasema polepole. Si aibu. Inamuomba musikilizaji apunguze mwendo naye, na inaeleza kwamba hapa anasimama mutu wa luga ine.

Hatua ya 6: Kujibu maulizo

Hotuba inaisha kwa dakika ine. Biashara inaanza ku maulizo, na pale hakuna karatasi. Hapa mashini inasaidia sana, ukiiagiza hivi:

"Wewe ni mununuzi mukali wa kahawa kutoka Ulaya. Soma hotuba yangu. Uniulize ulizo moja kwa Kiingereza chepesi, ungojee jibu langu, unirekebishe, kisha uulize lingine. Ufike kumi."

Mutaona maulizo yanazunguka pahali palepale: kiasi, tarehe, bei, ubora wa musimu uliopita, na siku hizi pori. Sheria ya Umoja wa Ulaya juu ya ukataji wa pori inataka kahawa isitoke ku shamba lililofyekwa kutoka pori kisha tarehe 31 ya mwezi wa kumi na mbili 2020, na inaomba vipimo vya mahali shamba liko. Kwa shamba lisilopita hektari ine, alama moja ya GPS inatosha. Musemaji ajue hesabu: mashamba mangapi yameshapimwa, mangapi bado. Asikubali mashini imutie mudomoni kwamba "mashamba yote yamehakikishwa" kama kazi iko nusu. "We have mapped 300 plots. 312 are not finished." Tumepima mashamba 300, 312 hayajaisha. Jibu hilo linaaminika.

Ajifunze pia sentensi tatu za kujiokoa, na hizi azijue kwa kichwa:

- "Could you say that again, slowly please?" Uniambie tena, polepole tafazali.
- "I don't have that figure here. I will send it by Friday." Namba hiyo sina hapa. Nitaituma mbele ya siku ya tano. Na aitume kweli.
- "I must ask our committee first." Ninapaswa kuuliza komite yetu kwanza.

Sentensi ya tatu njo inalinda koperative kupita zote. Mununuzi anaweza kutoa bei pale pale na kuomba jibu pale pale. Musemaji hakutumwa kukubali bei peke yake.

Vitu vya kutoingiza mu mashini

Maneno munayoandika mu programu yanatoka mu telefone yenu na kwenda ku mashini za kampuni iliyo mbali. Kwa hiyo musiandike mule orodha ya wamemba na namba zao za telefone, karatasi za uchaguzi, namba ya banki, vipimo vya GPS vya kila shamba, wala bei ya chini kabisa ambayo komite imekubali. Kwa Kiingereza cha hotuba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika. Mukihitaji kuzoeza mazungumzo ya bei, mutumie bei ya uongo.

Na juu ya mega: kuandika na kusoma maneno kunakula kidogo, picha na video njo zinamaliza. Mufanye kazi yote mara moja pale ambapo rezo iko muzuri, kisha munakili matokeo ku daftari kwa kalamu. Siku ya mukutano kuranti inaweza kukatika, telefone inaweza kuzimika. Karatasi haizimiki.

Je, huu si udanganyifu?

Wamemba wengine wanauliza kama kutumia mashini ni kudanganya mununuzi. Kuomba musaada wa luga si udanganyifu. Hata zamani tulimuomba mwalimu ao padri atuandikie barua. Mununuzi anakuja kutafuta kahawa na watu wa kuaminika, hakuja kununua Kiingereza. Udanganyifu unaanza pale maneno yanapopita kile kilicho mu depo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kama mununuzi akipanda gari kesho aje kutazama, atakuta yale tuliyosema?

Mambo ya kushika

- Namba na ahadi: ku daftari. Kiingereza: ku telefone.
- Hakuna ushuhuda, hakuna sentensi.
- Katazeni mashini kuongeza, iandike PENGO.
- Mupime livre, parche, virgule, tarehe na maneno ya ahadi.
- Kiingereza kirudi ku Kiswahili mbele ya komite.
- Kuzoeza namba kwa mikrofone, na maulizo kumi.
- Siri za koperative zibaki mu koperative.

Mukutano ujao wa komite mujaribu hatua ya kwanza tu, bila telefone: karatasi moja, maulizo sita, na ushuhuda pembeni. Mukikuta mistari miwili ao mitatu haina ushuhuda, hiyo njo kazi ya kumaliza mbele ya mavuno ya mwezi wa tatu. Karatasi ile ikiwa tayari, Kiingereza ni kazi ya siku moja. Mulete karatasi hiyo kwa agronome wenu wa eneo akipita, muitazame pamoja.